Jinsi ya kuandika amri ya operesheni inayotekelezeka: zoezi la kuhamisha kartie (mtaa) moja ya Goma

Kila kundi la maofisa vijana huleta karatasi ileile. Kurasa nane, mihuri mahali pake, vichwa vitano kwa mpangilio wa shule: hali, misheni, utekelezaji, ugavi, ukamanda na mawasiliano. Halafu unamwita sajenti wa seksioni ya tatu na kumuuliza, "Kesho unafanya nini, na kwa nini?" Anajibu, "Chefu, tunaenda Majengo." Kwenda Majengo, kartie ya Goma, kufanya nini? Kimya.

Vichwa vitano havina ubaya. Kinachokosekana ni kazi inayotangulia kalamu: hesabu ya muda, ya watu na ya barabara, pamoja na sentensi moja inayosema kwa nini. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa ngazi ya kompania yenye peletoni tatu, kila peletoni na seksioni zake.

Zoezi nimelichagua bila adui mwenye bunduki, na ni makusudi. Ukiweka adui, darasa zima la Goma linaanza kubishana adui ni nani, na asubuhi inakwisha hakuna aliyefungua ramani. Hapa tunashindana na volkano ya Nyiragongo na saa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Ramani ya eneo, 1:50,000 au yenye maelezo zaidi, na karatasi ya plastiki ya kuiwekea juu.
- Kalamu za rangi nne, rula, dira, saa inayofanya kazi.
- Daftari la kumbukumbu lenye kurasa zilizopewa namba. Karatasi zilizochanika huru hupotea usiku wa kwanza.
- Hali halisi ya kikosi leo: watu waliopo, magari yanayowaka, lita za mafuta, redio na betri za akiba. Hali ya juma lililopita haifai.
- Majina ya chefu (kiongozi) wa kartie na machefu wa avenyu (barabara za ndani ya kartie), na namna ya kuwapata usiku.
- Mawe ya lava, makaa, vifuniko vya chupa na kamba, kwa ajili ya kutengeneza ramani ya ardhini. Mawe Goma hayanunuliwi.
- Ofisa au sajenti mmoja ambaye kazi yake ni kutafuta makosa kwenye mpango wako. Chagua mtu asiyekuogopa.

## Zoezi lenyewe

Saa 1800 batalioni inakupa amri: kesho kuanzia 0600 kompania yako ihamishe wakazi wa Majengo hadi mji wa Sake, magharibi ya Goma, kwa barabara. Kwa hesabu ya darasa tunachukua watu 20,000, kilomita 25, na malori 8. Mugunga tunaiweka kilomita 12 kutoka mahali pa kuanzia, Ndosho kilomita 6. Uwanjani utapima mwenyewe.

Jambo lenyewe si la kubuni. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ililipuka na lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi alitangaza kuhamishwa kwa kartie 10 kati ya 18 za mji, na barabara ya Sake ikajaa watu, magari na chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) kwa pamoja. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao. Weka picha hiyo kichwani unapopanga.

## Hatua ya 1: Gawa muda kabla ya kitu kingine

Kutoka 1800 hadi 0600 ni saa 12. Kanuni ya zamani inasema kamanda ajichukulie theluthi moja, na theluthi mbili awaachie walio chini yake. Kwa hiyo una saa 4. Amri yako iwe mikononi mwa viongozi wa peletoni ifikapo 2200, hata kama haijakamilika.

Sababu yake ni kwamba kiongozi wa peletoni naye ana hesabu zake, na kiongozi wa seksioni chini yake pia. Ukitoa amri nzuri sana saa 0400, umeiba usiku wao wote, na wataingia Majengo wakiwa wanauliza njia.

Panga kwa kurudi nyuma. Andika 0600 chini ya ukurasa, kisha panda: 0530 watu wako mahali pao, 0430 mazoezi kwenye ramani ya ardhini, 2200 amri, 1820 amri ya tahadhari. Amri ya tahadhari ni mistari minne: nini kinakuja, wapi, lini mapema zaidi, na nini kianze sasa hivi (mafuta, betri, chakula, usingizi). Itoe kabla hujafikiri zaidi. Wengi huisahau, kisha wanashangaa malori hayana mafuta saa 0500.

Onyo kuhusu saa. Andika kwa tarakimu nne tu. Ukisema "saa mbili", mmoja anahesabu tangu jua lichomoze, mwingine anatazama saa ya simu. Na kama amri imetoka Kinshasa, uliza ni saa ya wapi: Goma iko mbele kwa saa moja. Wakazi waambie kwa jua, "kukipambazuka", na askari kwa tarakimu.

Utajua umefaulu ikiwa saa 1830 kila kiongozi wa peletoni anaweza kukutajia saa atakayopokea amri na saa atakayotoa ya kwake.

## Hatua ya 2: Soma misheni ya mkubwa wako, ngazi mbili juu

Chukua amri ya batalioni na upige mstari chini ya vitu vitatu: kazi ulizopewa wazi, kazi zilizojificha, na mipaka.

Kazi ya wazi ni kuhamisha Majengo. Zilizojificha ndizo zinazoangusha watu: nani anawabeba wagonjwa, nani anasimamisha magari yanayokuja kutoka Sake, nani analinda nyumba zilizoachwa wazi, nani anashika vituo vya mafuta. Hilo la mwisho si dogo. Baada ya mlipuko wa Januari 2002, kituo cha mafuta kililipuka mjini na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota humo.

Mipaka ni yale usiyoruhusiwa. Jeshi hapa linasaidia. Unaoongoza ni utawala wa mkoa pamoja na ulinzi wa raia. Taarifa za volkano zinatoka kwenye kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, hazitoki kwa binamu ya dereva. Na mpaka wa Gisenyi, wa kuingia Rwanda, si wako kufungua wala kufunga. Ukiona mpango wako unauhitaji, omba juu, usiku huohuo.

Kisha jiulize kamanda wa brigedi anataka nini. Ukijua kwamba yeye anahitaji barabara ya Sake ibaki wazi kwa kartie nyingine zinazofuata mchana, hutawaruhusu watu wako wapumzike katikati ya lami. Ofisa asiyejua kusudi la ngazi mbili juu anaweza kutekeleza kazi yake vizuri kabisa na kuharibu ya jirani.

## Hatua ya 3: Soma ardhi kwa kuuliza "kwa hiyo?"

Karatasi nyingi zinasema: "Ardhi ni ya mawe, yenye miinuko." Kwa hiyo? Kila sentensi kuhusu ardhi, hali ya hewa au raia isipoishia kwenye "kwa hiyo", ifute. Mifano ya Goma:

Mlima uko kaskazini, ziwa kusini. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaugawa vipande viwili. *Kwa hiyo* mpango wa kwenda Sake pekee hautoshi: wakazi walio mashariki ya mkondo wa lava hawatavuka. Andaa mpango wa pili wa kuwakusanya upande wao na kusubiri uamuzi wa juu.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hukimbia kuliko ya volkano nyingi. Mwaka 1977 ziwa la lava lililo kileleni lilimwagika lote ndani ya muda usiozidi saa moja. *Kwa hiyo* usiweke kituo chako cha ukamanda upande wa Monigi, kuelekea mlimani, eti kwa sababu kuna mtandao mzuri.

Kati ya Mugunga na Sake, kandokando ya ziwa, kuna mazuku. Kila mwenyeji anayajua: mashimo na mabonde ambamo hewa ya kaboni dioksidi, nzito kuliko ya kawaida, hutulia usiku pasipo upepo na kuua mbuzi, mbwa na watu. *Kwa hiyo* usimlaze mtu yeyote kwenye bonde, hata likiwa na nyasi laini na kivuli kizuri. Mtoto aliyelala chini hufa kabla ya mtu mzima aliyesimama kuhisi kizunguzungu. Mpe kiongozi wa peletoni ya barabara mwenyeji anayejua mahali hapo, na yawekewe alama nyekundu kwenye plastiki kabla hujachora kitu kingine.

Jua linazama karibu na 1800 mwaka mzima. *Kwa hiyo* mchana wako una takriban saa 12, iwe Mei au Desemba.

Raia nao ni sehemu ya ardhi. Watu wa Majengo hawaondoki bila godoro, jiko na mbuzi, na hawamfuati askari wasiyemjua. Wanamfuata chefu wa avenyu. *Kwa hiyo* peletoni inayogonga milango inaingia na machefu hao mbele, na tangazo linatolewa kwa Kiswahili. Karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, inasomwa kwa Kilingala, inafika mlangoni kwa Kiswahili. Katika safari hiyo maneno mengi hudondoka.

## Hatua ya 4: Piga hesabu mpaka mpango ubadilike

Hii ndiyo hatua wanayoiruka, na ndiyo inayobeba zingine zote. Usiandike neno moja la utekelezaji kabla hujaimaliza.

Malori. Lori moja watu 40. Kwenda kilomita 25 kwa mwendo wa 15 kwa saa katikati ya umati: saa 1 na dakika 40. Kushusha, dakika 20. Kurudi tupu, saa 1. Kupakia, dakika 30. Jumla saa 3 na nusu. Ukianza 0600 unapata mizunguko mitatu, ukimaliza 1630. Malori 8, watu 40, mara 3: watu 960.

Umepewa watu 20,000.

Sasa rudi kwenye rasimu yako uone mahali ulipoandika "wakazi watasafirishwa kwa malori". Futa. Kartie itatembea.

Miguu. Umati wenye watoto na mizigo hutembea kilomita 3 kwa saa. Watu watatu kwa safu, mita moja na nusu kati ya safu na safu: watu 20,000 ni msafara wa kilomita 10. Kichwa kikiondoka 0600, mkia unaondoka 0920. Kilomita 25 ni saa 8 na dakika 20. Ongeza mapumziko ya saa moja kwa jumla. Mkia unafika Sake 1840, gizani, ukiwa umepita penye mazuku jua linapozama.

Hapo ndipo ofisa anapopata jasho, na ni vizuri alipate ofisini.

Kinachobadilika. Tafuta kinachopunguza mwendo. Ni wazee, wajawazito, wagonjwa na mama mwenye watoto watatu wadogo. Mizunguko miwili ya kwanza ya malori ibebe hao, watu 640. Mizigo mizito iondoke vichwani na kupakiwa kwenye chukudu. Vijana wa chukudu ni wengi, wana nguvu, na wanaijua barabara kuliko ramani yako. Msafara ukifika mwendo wa 3.5, mkia unaondoka 0851 na kufika Sake 1700. Nusu kilomita kwa saa imekuokolea dakika 100.

Kazi ya malori basi imegeuka. Hayabebi kartie, yanabeba wale ambao kartie nzima ingelazimika kuwasubiri. Mzunguko wa tatu, kuanzia 1300, unafuata nyuma ya mkia na kuokota waliochoka.

Sake. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Watu 20,000 ni lita 300,000, yaani safari 30 za lori la tanki la lita 10,000. Choo kimoja kwa watu 50 ni vyoo 400, tena kwenye mwamba wa lava ambao sepetu haiuingii. Kompania haiwezi hata robo ya hilo. Lakini bila hesabu hiyo usingejua kuomba, na ombi la maji linalofika asubuhi limechelewa siku nzima. Aliyeona kipindupindu cha kambi za wakimbizi za Goma mwezi Julai 1994 hahitaji kuelezwa kwa nini.

Utajua umefaulu ikiwa angalau jambo moja ulilokuwa umeliamini saa 1800 limeanguka. Hesabu isiyobadilisha chochote aghalabu imepigwa ili kulinda mpango uliokwisha kupendwa.

## Hatua ya 5: Linganisha njia mbili au tatu, kwa maswali yaleyale

Njia ya A: wote watembee 0600, malori yabebe yeyote. Njia ya B: waanze 0430 kwa tochi. Njia ya C: ile iliyotoka kwenye hesabu.

Ziulize zote maswali matatu: mkia unafika saa ngapi, nini kinaharibika kwanza, na kikiharibika tunafanyaje. A inaanguka kwenye swali la kwanza. B inafika mapema, lakini familia zinapotezana gizani ndani ya vichochoro vya Majengo, na hilo halirekebishiki redioni. C ina udhaifu wake: inategemea malori 8 yote yaendelee kuwaka.

Mwite yule mtu asiyekuogopa. Mpe dakika 15 aishambulie C. Akisema, "Lori la tatu halina spea," usimkatize ukamwambia ni mtu wa kukatisha tamaa. Andika.

Maluteni wengi huandika njia mbili za kipuuzi ili ya tatu ionekane nzuri. Mkaguzi yeyote huliona hilo kwa kutupa jicho mara moja.

## Hatua ya 6: Andika misheni na dhamira ya kamanda

Misheni ni sentensi moja: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Ikiwa na "na" zaidi ya mbili, umeandika orodha ya kazi.

> Kompania ya 2 inahamisha wakazi wa Majengo hadi Sake kesho kuanzia 0600, mkia wa msafara ukivuka Mugunga kabla ya 1400, ili mtu yeyote asibaki kwenye njia ya lava wala asikutwe na giza barabarani.

Hiyo "ili" ndiyo roho. Redio ikikata, sajenti wa Mugunga hana amri mpya, lakini ana "ili". Akiona familia inatandika magodoro bondeni saa 1500, anajua kwamba kuwainua ni kutii, hata kama hakuna aya iliyosema hivyo.

Dhamira ya kamanda inafuata, mistari mitano au sita, kwa maneno yako mwenyewe. Iseme kusudi, jambo kuu moja ambalo likifanikiwa mengine yanafuata, na hali unayotaka kuiona mwishoni.

> Kusudi langu ni kuutoa umati kwenye hatari bila kuvunja familia. Jambo kuu ni mwendo wa mkia, si wa kichwa. Nakubali nyumba zisilindwe vizuri asubuhi kuliko msafara usimame. Mwishoni nataka wote wawe Sake juu ya ardhi iliyoinuka, watoto waliopotea wako mikononi mwa Croix-Rouge (Msalaba Mwekundu), barabara iko tupu kwa kartie inayofuata.

Angalia sentensi ya tatu. Dhamira isiyosema utakubali kupoteza nini haimsaidii mtu, kwa sababu uwanjani swali huwa ni hilohilo: nikikosa watu wa kutosha, niache kipi? Ofisa anayeandika "kila kitu ni kipaumbele" amewaachia sajenti kazi yake.

Onyo. Usinakili dhamira ya mkubwa wako neno kwa neno. Askari huijua dhamira iliyonakiliwa, na huichukulia kama wimbo wa asubuhi.

## Hatua ya 7: Gawa kazi, kisha nyamaza

Sasa utekelezaji, na usizidishe ukurasa mmoja.

Peletoni ya 1, Majengo: inawatoa watu avenyu kwa avenyu, pamoja na machefu. Inaweka alama ya chaki mlangoni pa nyumba iliyokaguliwa. Inahakikisha kila mtoto ana jina la mzazi na avenyu, limeandikwa mkononi kwa kalamu isiyofutika.

Peletoni ya 2, Ndosho hadi Mugunga: inaendesha barabara. Hii ndiyo juhudi kuu, kwa hiyo inapewa redio nzuri na kiongozi hodari. Waenda kwa miguu upande wa ziwa, malori upande wa mlima.

Peletoni ya 3, Sake: inapokea, inaelekeza penye miinuko, inazuia magari ya raia yasielekee Goma malori yanaporudi. Malori yanatembea kama kundi moja, kwenda na kurudi, ili yasikutane uso kwa uso.

Mpe kila mmoja kazi na sababu yake. Usimwambie namna. Kiongozi wa peletoni ya 1 akitaka kuanza na avenyu za juu, zilizo karibu na mlima, au zile zenye wazee wengi, huo ni uamuzi wake. Wakubwa wengi wanasema wanaamini uongozi wa aina hii, kisha saa 0610 wanashika redio kuuliza kwa nini askari wawili wamesimama penye kibanda cha vocha. Ukitaka kuona kama unaamini unachohubiri, hesabu mara ulizoita redioni katika saa ya kwanza.

Yale yanayohusu wote yawekwe pamoja mwishoni: hakuna risasi ya kutisha umati, hakuna moto karibu na kituo cha mafuta, hakuna askari anayebeba mzigo wake binafsi kwenye lori, nani anachukua ukamanda kamanda akipotea, masafa ya redio na ya akiba.

Kituo cha uamuzi. Kwa mwendo wa 3.5 mkia unapaswa kupita Ndosho karibu na 1034. Andika: *mkia usipopita Ndosho ifikapo 1100, malori yakitoka Sake kwenye mzunguko wa pili hayarudi Majengo, yanageuzia Mugunga na kufanya mizunguko miwili ya Mugunga–Sake.* Kwa kilomita 13 hizo mzunguko ni kama saa 2 na robo, kwa hiyo unaokota watu 640 kabla ya giza badala ya 320. Uamuzi umefanyika jana ukiwa umetulia. Kesho ni kutazama saa tu.

## Hatua ya 8: Rudishiwa amri, kisha fanya mazoezi kwenye mawe

Ukimaliza kusoma amri usiulize, "Mmeelewa?" Jibu ni "Ndiyo chefu" tangu jeshi lianze. Uliza, "Kiongozi wa peletoni ya 2, niambie kazi yako kana kwamba mimi ndiye sajenti wako." Atarudia kwa maneno yake. Akisema "kulinda barabara" badala ya "kuendesha mwendo wa mkia", umegundua kosa usiku, bila gharama.

Saa 0430, tandaza mawe. Jiwe kubwa ni Nyiragongo, kamba ni barabara, makaa ni lava ya zamani, vifuniko vya chupa ni malori. Mazuku yawekewe kitambaa chekundu. Kila kiongozi asimame mahali pake juu ya ramani na atembee saa kwa saa: 0600 niko wapi, namwona nani, namwita nani.

Kisha vunja kitu. Ondoa vifuniko viwili: malori yameharibika. Zima redio ya Mugunga. Mwaga makaa katikati ya kamba: lava imekata barabara. Usijibu wewe, waache wajibu wao. Mahali wanapokutazama usoni kutafuta jibu ndipo dhamira yako haikueleweka.

Utajua umefaulu ikiwa viongozi wanaanza kusemezana wao kwa wao bila kupitia kwako. "Ukichelewa Ndosho, nipe ishara nami nisogeze seksioni." Hapo kompania imeanza kuwa na mpango.

## Hatua ya 9: Badilisha njiani kwa amri fupi

Mpango utapinda, na ukipinda usiandike amri mpya yenye vichwa vitano. Toa amri fupi: nini kimebadilika, nani anafanya nini, lini, nini hakibadiliki. Mfano, saa 1102:

> Mkia bado haujapita Ndosho. Malori yote yageuzie Mugunga baada ya Sake, mizunguko miwili. Peletoni ya 2 ikusanye waliochoka Mugunga juu ya barabara, si bondeni. Peletoni ya 1 na ya 3 hazibadiliki. Dhamira ni ileile. Rudisha.

"Rudisha" isiachwe. Kila kituo kirudie sehemu yake, na mwandishi wa daftari aandike saa na jina la aliyejibu. Kituo kisichojibu kitumiwe mjumbe kwa pikipiki, akiwa na maneno hayohayo yameandikwa kwenye karatasi. Mjumbe anayebeba kwa kichwa hufika na mengine.

Jaribu kuisoma amri yako fupi kwa sauti huku ukitazama saa. Ikizidi nusu dakika, kata, na uanze kukata kwenye maelezo ya sababu. Sababu walishapewa jana usiku.